Kijiko, Mwezi, Kamba, Punda, Moshi

Kila asubuhi, akishamaliza uji, kijana wangu wa mwisho hupangusa mdomo kwa mgongo wa mkono, ananiangalia, halafu anasema: kijiko, mwezi, kamba, punda, moshi. Hajawahi kuruka neno hata moja. Jina la binti yake humpotea siku nyingine, na juzi aliniuliza kama mama yake amerudi kutoka sokoni, na huyo mama yake ndiye aliyekuwa amemshikia kikombe. Lakini hayo maneno matano yako pale kama misumari kwenye mlango. Akimaliza anangoja. Nami namwambia, umeyapata yote. Basi anatulia, anavuta kofia mbele, anaota jua.

Nataka kueleza yaliingiaje kichwani mwake na kwa nini yamebaki humo peke yao. Nikizunguka mnivumilie. Mimi hata nikitumwa chumvi dukani lazima nipitie kwa watu wawili watatu kwanza.

Sisi ni wa juu kidogo ya Laare, huku Meru. Huku kwetu kila mtu ana miti ya miraa, na asiye na miti hupanda ya wenzake kuichuma, na asiyeweza kupanda hukaa chini ya kibanda akifunga mabunda. Kijana wangu alifanya yote matatu. Alikuwa na mikono ya haraka. Bunda la miraa hufungwa kwa uzi wa mgomba, kisha linavikwa jani la mgomba ili lisinyauke kabla ya kufika Nairobi, na yeye alilifunga huku anaangalia kando, anaongea, anacheka. Mimi nikifunga lazima nitoe ulimi nje.

Wafungaji wa kibanda chao walikuwa na timu ya mpira. Uwanja wao umeinama sana. Timu inayoshambulia kuelekea juu huhema kama ng'ombe wa kulima, na ikifika kipindi cha pili inashuka mbio kama mawe. Nguzo za goli ni mikaratusi iliyokatwa tu ikasimikwa, moja ilichipua majani na hakuna aliyeyakata. Wakati wa mvua mpira wao unakunywa maji mpaka unakuwa mzito kama malenge. Kijana wangu alikuwa beki. Mpira ukija juu ni wake. Kichwa chake kilikuwa kama mkono wa tatu, na wanawake wa soko walijua hata sauti yake, ule mlio wa mpira mzito ukigonga mfupa. Mama yake peke yake ndiye aliyekuwa akigeuka kando kila mara. Nikamwuliza siku moja anaangalia nini huko kando. Akasema anaangalia mahindi ya jirani.

Sisi wa zamani hatukujua kichwa ni kitu cha kuogopea. Nilipokuwa kijana niliwahi kuanguka kutoka mti wa miraa. Tawi lilikatika, na nilipofumbua macho nilikuwa nimelowa maji, wenzangu wamenizunguka wakicheka, wakisema nimekuwa nikitaja ng'ombe wa baba mmoja mmoja kwa rangi zao. Nilipanda tena mti uleule. Hiyo ndiyo ilikuwa dawa: maji baridi, kicheko, na kurudi juu. Hakuna aliyeniuliza ninaona kitu kimoja au viwili. Niliona viwili kwa muda mrefu nikadhani ndivyo watu wazima wanavyoona.

Sasa, kulikuwa na bwana mmoja aliyekuwa anatafuta kura. Akatoa fahali mwekundu mwenye nundu, akasema timu za Meru na Embu zishindane na mshindi amchukue. Fahali huyo alizungushwa sokoni na kamba ya maua shingoni, mnyonge, hajui amefanya nini. Na kwa sababu bwana huyo hakutaka aibu ya mtu kuvunjika mguu kwenye mashindano yake, alitafuta mtu wa kuangalia wachezaji. Akapatikana msichana mrefu, afisa wa kliniki katika hospitali moja ya mjini, anayeishi kwa shangazi yake upande wa Kaaga. Tulimwita daktari. Mwanzoni alitusahihisha, baadaye akachoka.

Nusu fainali ilichezwa kwetu, Jumapili baada ya kanisa, mimi bado nimevaa koti. Ikapigwa kona. Kijana wangu akaruka, na fowadi wa wale wengine akaruka, na vichwa vyao vikakutana. Nilisikia mlio, nao haukuwa ule wa mpira. Fowadi alishika uso akatoka damu puani. Wangu hakutoka damu. Alianguka, akaamka upesi, akajipangusa magoti, akatembea taratibu mpaka katikati ya maadui, akasimama pale na kunyoosha mkono, anaomba pasi.

Uwanja mzima ulicheka. Mtu mmoja nyuma yangu alisema beki wetu ameuzwa bila sisi kuambiwa.

Daktari peke yake hakucheka. Aliingia uwanjani bila kumngoja refa, akamshika mkono, akamtoa nje na kumkalisha chini. Nilisogea. Aliuliza tuko uwanja gani, nani anaongoza, ni kipindi gani. Kijana akajibu kuwa ni asubuhi. Akamwambia, nitakupa maneno matano, uyarudishe. Akayasema polepole kwa Kiswahili, na akayarudia kwa Kimeru ili mtu asije akasema ni lugha iliyomshinda. Kijiko, mwezi, kamba, punda, moshi. Kijana wangu aliangalia mdomo wake kwa bidii kama mtu anayeangalia mfinyanzi. Akasema punda. Akafikiri. Akasema punda tena.

Kochi wetu, ambaye siku nyingine ni dereva wa pikapu ya miraa, alikuwa amesimama juu yao na saa mkononi. Akasema amwagiwe maji arudi.

"Harudi," daktari akasema.

"Madam, huyu ni mtoto wa Laare, si yai."

"Hata yai ukilitikisa halipasuki nje, kochi. Linavurugika ndani, na wewe unaendelea kuliona zima."

Watu walicheka, lakini safari hii walimcheka kochi. Kijana hakurudi. Tulishinda hata hivyo, kwa penalti, na fahali akawa amebakisha hatua moja kuwa wetu.

Baada ya mechi daktari alituita mimi na mama yake kando ya ile nguzo yenye majani. Alisema huo ni mtikiso wa ubongo. Alitueleza kwa subira, na mama yake alikuwa anarudia kila kitu kwa sauti ya chini ili kisimtoke. Apumzike. Asipande mti, asicheze, asikae kwenye simu. Alale akitaka kulala, usingizi ni dawa, ila mtu awe anamwangalia. Akitapika, akiongea kama mlevi, kichwa kikizidi kuuma badala ya kupungua, tusingoje kupambazuke, twende hospitali. Kurudi mpirani ni hatua kwa hatua: kutembea, kisha kukimbia peke yake, kisha mazoezi bila kugongana, na kila hatua kichwa kikiuma anarudi nyuma. Na asile miraa, kwa sababu miraa itamfanya ajisikie mzima kabla hajawa mzima.

Hapo kochi alicheka kwa pua. Kumwambia kijana wa Laare asile miraa ni kama kumwambia mpishi asionje.

Tulirudi nyumbani. Kichwa kilimuuma, akaomba kulala. Na hapo ndipo mambo yetu sisi wenyewe yalipoingia. Kwetu mtu aliyegongwa kichwa haachwi alale. Ndugu yangu mkubwa alikuja na fimbo yake, akakaa, akakumbusha habari za mtu fulani aliyeangukiwa na gogo tulipokuwa wadogo, aliyelala mchana na hakuamka. Hakuwa anadanganya. Mtu huyo nilimjua, na gogo hilo nililijua, lilikaliwa na watu miaka mingi baadaye. Mke wangu akasema daktari ameruhusu alale. Ndugu yangu akamwambia kwa upole kwamba daktari atakuwa amelala kwake Kaaga, mtoto akipotea atapotea mikononi mwetu.

Halafu majirani wakaja, na hakuna aliyekuja mikono mitupu. Lazima niwaambie kwamba miraa huku si kitu cha kutafuna tu. Kuna bunda la kwenda kuposa msichana, kuna bunda la kuomba msamaha, kuna la kumheshimu mzee, na kila moja lina namna yake ya kufungwa. Siku hiyo walileta la mgonjwa, ambalo nadhani walilibuni hapohapo: vijiti vifupi, vyekundu, vitamu, kutoka miti mikuukuu ambayo mtu haichumi kwa ajili ya kuuza. Walimpa ili asilale. Kila macho yalipolegea mtu alimpa kijiti kingine, mwingine akamvunjia njugu, mwingine akamsimulia kichekesho. Alikesha kati yao. Ninapofikiria siku ile sioni uovu mahali popote. Naona watu waliompenda, wanamnyima kitu kimoja tu alichokihitaji.

Asubuhi alisema hana maumivu. Macho yalikuwa makali, yanang'aa. Ndugu yangu aliondoka ameridhika, akasema sasa amevuka.

Wiki hiyo aliishi kwa miraa. Stimu ya miraa ikipanda alikuwa mtu mzima, anaongea, anatania, anapanda mti. Ikishuka alikaa gizani nyuma ya nyumba na kitambaa juu ya macho. Akatafuna tena. Tuliona vitu vidogovidogo, na kila kimoja tulikipatia sababu yake. Alitia chumvi kwenye chai, tukasema amezoea supu. Aliniuliza jambo, nikamjibu, akaniuliza tena, nikasema vijana hawasikilizi. Mabunda yake yalitoka makubwa kwa madogo, na mnunuzi mmoja akalalamika, jambo ambalo halijawahi kutokea, tukasema ni jani la mgomba la siku hizi. Mama yake alisimama mlangoni akamwangalia, akasema mtoto huyu anatembea kama mtu anayebeba maji kichwani. Nilimjibu kwamba anaringa kwa sababu ya fainali.

Katikati ya wiki hiyo nilipita kibandani nikakuta wafungaji wanaimba. Kazi ya kufunga ina nyimbo zake, lakini huu sikuujua. Waliutia mdundo wa kufunga uzi, mkono wa kushoto, mkono wa kulia, kaza. Kijiko, mwezi. Kamba, punda. Moshi! Kijana wangu alikuwa katikati, jasho linamtoka, anakosea, wanamrudisha mwanzo, wanacheka, anaanza tena. Nikadhani ni wimbo wao mpya wa redio, maana nyimbo za redio nazo siku hizi hazina habari zaidi ya hiyo. Kwa kweli ulinipendeza. Nilirudi nyumbani nikiuimba, na mjukuu wangu, binti yake, akaudaka. Akawa anauimba akifukuza kuku.

Ulikuwa mpango wa kipa wao. Kipa huyo aliwahi kugonga nguzo katika mechi ya kwanza ya mashindano, na daktari alikuwa amemuuliza yeye pia, na maneno yalikuwa hayohayo. Akayaweka kichwani. Aliwaambia wenzake kwamba mtihani huo unajulikana maswali yake, kwa hiyo beki wetu atapita tu. Hivyo ndivyo walivyoelewa jambo hilo, na mimi ningeelewa vilevile. Kila kitu tulichowahi kuulizwa maishani na mtu mwenye kalamu kilikuwa mtihani, na mtihani dawa yake ni kukariri. Hakuna aliyefikiria kwamba kuna swali ambalo anayeuliza anataka kujua kweli hali yako, na kwamba ukimpa jibu zuri la uongo umejifungia mlango mwenyewe.

Fainali ilikuwa Meru mjini, kwenye uwanja usio mbali na Makutano. Mama yake alikataa kwenda. Alisema ana mahindi ya kupukuchua, na kweli alipukuchua, mpaka vidole vikatoka malengelenge. Vijana walitangulia kwa pikapu wakipiga debe. Mimi nilifuata baadaye, na nilipofika Makutano soli ya kiatu changu ikaachia, ikawa inapiga barabara kama mdomo wa bata. Nikakaa kwa fundi wa viatu. Malori yanapita, wapiga debe wanagombania abiria, na mimi nimetulia juu ya kigoda chake, mguu mmoja uko wazi, tunajadili bei ya gundi. Sijui nilikaa muda gani. Lakini hapo ndipo nilipokuwa wakati kijana wangu anaulizwa.

Kwa hiyo yaliyotokea uwanjani kabla sijafika alinisimulia kipa mwenyewe, baadaye sana, ameketi mahali hapa ninapoketi, na alilia mpaka nikampa kitambaa changu.

Anasema daktari alimwita kijana kando kabla hawajavaa jezi. Alimuuliza maneno. Akayatoa yote kama risasi, na kwa ule mdundo wa kibandani, hata kiganja kikawa kinapiga paja. Wenzake wakashangilia. Daktari hakushangilia. Akamwambia ataje miezi kuanzia mwisho kurudi mwanzo. Akafika Novemba, akaganda, kisha akarudia kijiko, mwezi. Akamwambia asimame kwa mguu mmoja, akasimama imara, macho makavu kama ya ndege. Akamuuliza kama amekula miraa. Akasema ni chingamu. Akauliza kama kichwa kinauma. Akasema hapana, mara mbili, kabla swali halijaisha.

"Leo huchezi," daktari akamwambia. "Wiki ijayo nitakuja Laare mwenyewe, tuanze na kutembea."

"Lakini nimeyapata yote."

"Umeyapata. Huu si mtihani wa shule, ndugu yangu. Hapa hakuna kupita."

Kipa anasema kijana wangu alimwangalia kwa huruma hivi, kana kwamba daktari ndiye mgonjwa. Kisha alimtazama kochi. Na kochi akasema kwa Kimeru, kana kwamba daktari hasikii Kimeru, ingawa alikisikia vizuri, kwamba mtu aliyejibu yote amepita, mengine ni madoido. Waligombana. Daktari alikwenda kwa refa, refa akasema yeye anafuata orodha ya kochi. Alikwenda kumtafuta yule bwana mwenye fahali, na njiani akaitwa kwa mchezaji wa Embu aliyekuwa ameteguka kidole wakati wa kupasha misuli. Alipoinua kichwa kutoka kwenye kidole hicho, filimbi ilikuwa imeshalia, na kijana wangu alikuwa ndani.

Nilifika wakati huo, kiatu changu kikinuka gundi. Nilifurahi kumwona ndani. Sikujua lolote.

Wale wa Embu walikuwa watu wa chini huko kwenye ukame, warefu, wembamba, watoto wa wafugaji, wanakimbia bila kutoa sauti. Walikuwa na adabu sana. Wakikuangusha wanakupa mkono. Kwa muda mrefu hapakuwa na goli, na mimi nilikuwa nabishana na mzee mmoja kuhusu nundu ya fahali, yeye anasema ni ya mafuta, mimi nasema ni ya ujana. Kipa wao akapiga mpira mrefu. Ukapanda, ukawa mdogo, ukaanza kushuka. Hakuna aliyemkaribia kijana wangu. Hakuna aliyemgusa. Alipiga hatua mbili nyuma kama kawaida yake, akaupiga kwa kichwa, vizuri kabisa, ukarudi hadi katikati ya uwanja na watu wakampigia makofi. Alitembea kidogo. Akakaa chini, kama mtu aliyetoka shamba amechoka anatafuta kivuli. Kisha akalala.

Baadhi ya watu waliokuwa karibu nami walidhani anapoteza muda kwa ujanja, wakamsifu.

Fowadi wa Embu ndiye aliyemfikia kwanza. Alipiga magoti, akamshika kichwa kwa mikono miwili, akatuangalia sisi wa pembeni. Wenzake wa kibandani walikuja na ndoo ya maji, na mmoja alikuwa ameshamshika kwapa amwinue. Daktari alikuwa anakimbia kutoka ule upande mwingine, viatu ameviacha nyuma.

"Msimwinue! Mwacheni hapo alipo!"

Nilikwenda nikasimama. Daktari alikuwa anamfungua jicho kwa kidole, moja, kisha la pili, na nilimwona anavyoyalinganisha. Alimwita kwa jina. Sikuwahi kusikia jina la mwanangu likiitwa hivyo, kama mtu anayeita ndani ya shimo. Nilichutama, nikamwambia kwa Kimeru, mwanangu, ni mimi baba yako. Mkono wake wa kulia ulikuwa unapapasa nyasi.

Sitasimulia hospitali. Kuna vyumba ambavyo mtu akitoka hana haja ya kurudi hata kwa maneno. Walimpasua kichwa kwa sababu damu ilikuwa inaukaba ubongo, na tulingoja, na mama yake alikuwa na malengelenge kwenye vidole na aliyatumbua moja moja kwenye benchi bila kujua anafanya nini. Daktari yule alikuwa anakuja kila akitoka kazini. Siku moja alituambia, hatukuwa tumemuuliza, kwamba anayo maneno mengine, amefundishwa ayabadilishe, na hakubadilisha kwa sababu hakufikiri kuna mtu angeyabeba yale nyumbani. Mke wangu alimshika mkono akamwambia, "Binti yangu, wewe ulisema alale." Mimi nilitoka nje nikasimama karibu na mahali wanapoanika mashuka.

Mechi ilikuwa imemalizika. Baada ya sisi kuondoka na gari la wagonjwa waliendelea kucheza, na timu yetu ikapata goli moja, na fahali akaja Laare. Alichinjwa. Vijana walituletea mguu mzima wa nyuma, wakautundika jikoni, wakasimama uani vichwa chini. Mke wangu aliwashukuru mmoja mmoja. Walipoondoka aliuteremsha, akaukatakata, akaugawa kwa majirani mpaka ukaisha, na hata mchuzi wake haukuonekana kwetu. Kochi hakuja. Anapita na pikapu, na akifika usawa wa lango letu hupunguza mwendo kama pana tuta.

Wale wa Embu walikuja. Sikutegemea. Walikuja baada ya mvua, wamevaa kama wanaokwenda kanisani, na gunia la ndengu za kwao na jogoo aliyefungwa miguu. Yule fowadi alikaa mbele ya kijana wangu muda mrefu. Kijana wangu akamsalimia vizuri, akamuuliza anacheza namba gani. Akamwambia. Baada ya kidogo akamuuliza tena.

Miguu yake imerudi, anatembea hadi kwenye lango na kurudi. Mkono wa kulia ni mzito, uzi wa mgomba unamtoroka. Nimemletea majani kibandani mwetu wenyewe nikamwekea vijiti vya miraa ili ajaribu, akavitazama kama vitu vya kabila lingine. Mama yake hulala kitanda kilicho karibu na chake, na yeye hulala sana siku hizi, usingizi mzito wa mtoto, na hakuna anayemwamsha. Ndugu yangu huja akakaa nje mpaka aamke mwenyewe. Haongei habari za gogo.

Daktari bado anakuja, mara mojamoja, akipata nafasi ya kutoka mjini. Humletea binti wa kijana pipi na humletea mke wangu tumbaku ya kunusa, ambayo yeye hujifanya haitumii. Alikuja tena wiki iliyopita. Tulimpa kigoda mbele ya jikoni, naye akakivuta mpaka magoti yao yakakaribiana.

"Ndugu yangu, leo nina maneno mapya," akamwambia. "Nisikilize. Shoka. Mvua. Kitanda. Mbegu. Daraja."

Kijana wangu alimsikiliza kwa uso wote. Aliinua mkono ule mzima, kiganja kikaanza kupiga paja, taratibu, kushoto, kulia, kaza. Binti yake, aliyekuwa anachezea mlango, alianza kutikisa kichwa kwa mdundo kabla neno halijatoka.

"Kijiko. Mwezi. Kamba. Punda. Moshi."

Hakukosea hata moja. Akakaa wima. Akamtazama daktari, akanitazama mimi, akamtazama mama yake aliyekuwa amesimama na mwiko.

"Nimeyapata yote," akasema. "Sasa nicheze?"

Kuku walikuwa wanaparua nyuma ya nyumba. Nilimwangalia daktari, nikajua angeweza kusema ukweli, na kwamba angeusema angelazimika kuusema tena kesho, na kesho kutwa, na kila mara ungekuwa mpya kwake.

"Wiki ijayo," akamwambia. "Wiki ijayo nitakuja, tuanze na kutembea."

Alikubali. Aliinuka kwa kujishikilia begani kwangu, akaingia ndani, na tukasikia anahamisha vitu chini ya kitanda. Alitoka na viatu vyake vya mpira, kimoja kila mkono, kile cha kulia akikiburuta kwa kamba. Alivipanga juu ya ukuta mdogo wa jikoni, ndimi nje, akavigeuza vielekee jua ili vikauke, ingawa havijalowa tangu siku ile.